Hapana, utamaduni hatujauacha

Jumamosi, kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba ukweni, huko Mukono, mzee mmoja wa upande wa wenyeji alinivuta pembeni. "Mwalimu, siku hizi mnafundisha nini pale chuoni? Nasikia mpwa wangu anaandika tasnifu juu ya vijei, hao wanaotafsiri filamu vibandani. Utamaduni mmemwachia nani?" Nilikuja na waoaji, na mkweni mtu hana mdomo, basi nikala matooke yangu nikanyamaza. Lakini hii ni mara ya tatu mwezi huu, na blogu yangu haina wakwe.

Taaluma yangu, taaluma za utamaduni (cultural studies), haikuzaliwa ili kuhifadhi mila. Kituo cha Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilichoipa jina kilifunguliwa mwaka 1964, na chini ya Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika, kilichunguza televisheni, magazeti na mavazi ya vijana wa mitaani. Mila zilikuwa kazi ya wanaanthropolojia na makumbusho. Anayechunguza vijei hajatoroka nyumbani, yuko sebuleni. Tena neno "utamaduni" lenyewe ni la ukoo mmoja na madina, yaani mji! Sisi tumelifungia kijijini, nadhani kwa sababu Kiganda husema obuwangwa n'ennono (utamaduni na mila) kwa pumzi moja, na ennono ni ya mababu.

Tabaka, jinsia, hadhira, kisha majukwaa ya mtandaoni: mfuatano huo wa mada za taaluma umo katika vitabu vya mwaka wa kwanza, siurudii.

Kinachonikera ni dhana kwamba utafiti ukigeuka, basi kitu kinachotafitiwa kimetupwa. Mara nyingi kitu ni kilekile, swali ndilo jipya. Chukua lubugo, kitambaa cha gome la mti. Zamani mtafiti aliuliza mti wenyewe, mutuba, huchunwaje, gome hupondwa kwa nyundo zipi, nani hulivaa msibani. Mwaka 2005 UNESCO ikautangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Sasa mwanafunzi anauliza: baada ya sifa hizo, anayekula ni mponda gome au mbunifu anayeshona mikoba ya watalii? Gome ni lilelile. Au vile vitu 39 vilivyoletwa Makumbusho ya Uganda kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2024, kwa mkopo. Kwa mkopo! Zamani tuliuliza "hiki ni nini?" Leo tunauliza kilifikaje kule, na mtu anakukopeshaje cha kwenu. Swali la pili huwezi kulijibu bila la kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeacha chochote.

Sasa vijei. Filamu ya Marekani inacheza kibandani, ukumbi mdogo wa video, naye vijei ameshika kipaza sauti, anaitafsiri papo hapo kwa Kiganda, anachomeka utani, anambandika jambazi jina la mtaani. Walimu tunapenda kusema huyu ndiye bibi msimulizi wa jioni, ila amepewa umeme. Nimelisema hilo darasani miaka mingi na sasa nalitilia shaka. Bibi hakutoza kiingilio, wala hakusimulia juu ya midomo ya watu wengine inayoendelea kusema. Nahisi tunaitumia hoja hiyo kuwatuliza wazee tu.

Na mzee ana ukweli wake. Mada hufuata ruzuku. Mwaka mmoja kila pendekezo lina neno "dijitali", mwaka unaofuata "mazingira". Mimi mwenyewe nimewahi kubadilisha kichwa cha pendekezo nisiguse hata aya moja, na fedha zikaja. Halafu naandika kwa Kiingereza kuhusu Kiganda cha kibandani, katika jarida ambalo vijei hawezi kulifungua bila kulipia. Hilo sina jibu lake.

Baada ya chakula, omwogezi (msemaji) wa waoaji, aliyekodiwa Kampala akaja na kipaza sauti chake, aliomba mahari ipokelewe kwa mobile money, makato juu ya baba mkwe. Mzee wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanzu. Mpwa wake alikuwa safu ya nyuma, anarekodi.