"Bei Njoo Inboksi": Wanayokosea Wafanyabiashara wa Nairobi Wanapoiga Kampeni za Siasa

Muuzaji sofa mmoja kando ya Ngong Road alinionyesha simu yake mwezi uliopita, uso umemjaa fahari. Ukurasa wake wa Facebook ulikuwa umevuka wafuasi 40,000. Nikamwuliza ameuza seti ngapi kupitia ukurasa huo mwezi huo. Akapangusa vumbi la msasa kwenye mkono wa kiti, akafikiri, akasema, "Mbili."

Kabla sijaanza kushauri wenye biashara nilifanya kazi ya kampeni, na kila uchaguzi ukipita huwa naletewa ombi lile lile: tufanyie kama wanasiasa. Ninalipenda ombi hilo, kwa sababu kampeni zina mengi ya kufundisha. Shida ni kwamba wanaoniomba wameona mabango, video na hashitegi tu. Kazi yenyewe hawajaiona.

Dhana: anayevuma mtandaoni ndiye anayeshinda

Mkumbuke George Wajackoyah, mgombea urais wa mwaka 2022. Ilikuwa vigumu kufungua simu jijini bila kukutana na ahadi zake za kulima bangi na kufuga nyoka kwa ajili ya sumu. Matatu nzima ilikuwa ikicheka video moja. Kura zilipohesabiwa alipata 61,969, yaani asilimia 0.44. William Ruto, aliyetangazwa mshindi, alikuwa na 7,176,141.

Kumcheka mtu ni jambo moja, kusambaza video yake ni la pili, na kuamka saa kumi alfajiri kumpangia foleni ni la tatu. Wenye biashara huchanganya yote matatu kisha wakayaita "wafuasi".

Kampeni inayojua kazi haihesabu wafuasi, inahesabu vituo vya kupigia kura. Mwaka huo nchi ilikuwa na vituo 46,229, na kila kimoja hakikupaswa kuzidi wapiga kura 700. Nairobi pekee ina maeneo bunge 17 na wadi 85. Mratibu wa wadi niliyefanya kazi naye alikuwa na daftari la kawaida la mistari: jina, nambari ya simu, kituo, na jina la jirani atakayempitia mtu huyo asubuhi ya kupiga kura. Kundi la WhatsApp lilikuwepo ili kulihudumia daftari hilo. Asiyekuwa daftarini hakuhesabiwa, hata kama alipenda kila picha.

Nilimwuliza yule wa sofa: kati ya hao 40,000, wangapi wanaishi mahali ambapo pikapu yako inafika bila nauli kula faida? Tukafungua takwimu za ukurasa pamoja. Wengi walikuwa Kisumu, Mombasa na hata Dar es Salaam. Ni watu wazuri wanaopenda kutazama sofa, lakini hawako katika wadi yake.

Dhana: Facebook ndiyo iliyompa Obama urais

Hii naisikia sana kwenye semina za hotelini. Ni kweli kwamba Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, aliisaidia kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2008. Lakini aliisaidia kujenga mtandao wake yenyewe, ambamo watu takriban milioni 2 walijiandikisha na kuandaa mikutano kama 200,000 ya ana kwa ana, mingi sebuleni mwa watu. Kampeni hiyo ilikusanya pia anwani za barua pepe zaidi ya milioni 13, na barua nyingi ziliomba kitu mahususi: changa, piga simu, njoo Jumamosi.

Ninaposoma kurasa za kampuni zetu naona "Ijumaa njema wapendwa wateja" na picha ya maua. Mteja afanye nini na maua hayo? Hajaombwa chochote, kwa hiyo hafanyi chochote.

Dhana: hashitegi inanunuliwa, na ikivuma mauzo yanafuata

Inanunuliwa kweli. Ripoti ya Mozilla Foundation ya mwaka 2021 ilieleza jinsi Wakenya walivyokuwa wakilipwa takriban dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku za kueneza maneno ya kisiasa kwenye Twitter. Msomaji wa Nairobi ameshaizoea biashara hiyo. Akiona akaunti 30 zimeandika sentensi moja asubuhi moja, anajua kuna mtu amelipa, na anaanza kujiuliza unaficha nini. Fedha hizo mpe kijana anayejua bidhaa zako akae ajibu maswali.

Dhana: nambari ya mteja ikishaingia kwangu ni mali yangu

Hapa ndipo siasa zetu zinafundisha kwa makosa. Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuchambua data za wapiga kura iliyofanya kazi katika kampeni za Kenya za mwaka 2013 na 2017, ilifungwa mwaka 2018 baada ya kashfa ya data za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Hasira ya siku zile naikumbuka vizuri, nami nilikuwa miongoni mwa waliokasirika.

Sasa angalia tunachofanyiana. Nilinunua dawa ya mtoto katika duka moja mjini, nikalipa kwa M-Pesa, na jioni nikajikuta kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200. Nambari zetu zote zilikuwa wazi, na juu pameandikwa jina la duka la dawa. Yeyote mle ndani angeweza kukisia nani anatibiwa nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na tuna Kamishna anayepokea malalamiko. Mwulize mteja kwanza. Akikubali, yeye ndiye wa daftarini.

Dhana: bei na malalamiko ni mambo ya faraghani

Mgombea akiulizwa hadharani kuhusu maji ya mtaa, hawezi kusema "njoo ofisini." Umati mzima unasubiri jibu lile lile. Lakini chini ya kila picha ya yule wa sofa palikuwa na "bei?" kumi au kumi na tano, na chini ya kila moja, "njoo inboksi." Waliouliza walikuwa wachache, na waliosoma kimya kimya wakaondoka hatujui idadi yao.

Tulikaa kwenye kiti ambacho hakijatiwa kitambaa, akaandika upya chini ya picha moja tu: bei, muda wa kutengeneza, na nauli ya kufikisha mtaa kwa mtaa. Hatujamaliza chai, mtu akauliza, "Kasarani ni ngapi?" Akajibu mwenyewe, kwa kidole kimoja, polepole, kisha akaomba karatasi aandike jina la mteja huyo.