Mpigapicha, Mkono Wako Ubaki Kwenye Kamera

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne umefika, na studio za Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, zitajaa wahitimu. Wakati kama huu dawati letu la ustawi wa jamii hupokea malalamiko yanayofanana: kidevu kimeinuliwa bila mwenyewe kuulizwa, mtandio umevutwa, mkono umekaa kiunoni hata baada ya pozi kupatikana.

Wapigapicha wengi wa Kigoma ni waungwana na hatuna ugomvi nao. Lakini tuelewane: "ndiyo kazi yetu" si ruhusa, na mteja aliyelipia picha sita hajalipia kushikwashikwa.

Karibu kila pozi hupatikana bila kumgusa mtu. Simama mbele ya mteja, lionyeshe pozi wewe mwenyewe, naye akufuate kama kioo: ukiinua mkono wa kulia, yeye ainue wa kushoto. Taja kiungo kwanza, mwelekeo baadaye: "Bega la kushoto, lishushe." "Kidevu, kisogeze mbele kidogo, kisha chini." Wengi huharibu hapa. Husema "geuka kulia" bila kusema kulia kwa nani, mteja anageukia kwingine, subira inaisha, mkono unatoka. Tumieni alama zilizopo. Pale Kibirizi mwambie "geukia ziwani", akifika unapotaka mwambie "hapohapo". Uzito auweke kwenye mguu wa nyuma. Mwili utalegea wenyewe, na hutahitaji kumnyoosha mabega.

Lenzi nayo inachangia. Ukipiga picha ya kifua na uso kwa lenzi ya milimita 24, unajikuta nusu mita kutoka usoni pa mtu, na bado pua inatoka kubwa. Kwa milimita 85 unasimama karibu mita mbili. Bandika utepe sakafuni, mteja asimame hapo, kisha usogeze kamera na taa badala ya kumsogeza yeye.

Kola, joho, mkufu na ushungi arekebishe mwenyewe mbele ya kioo, au aliyemsindikiza amsaidie. Kwa ushungi, watu wa Ujiji hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ikibidi kugusa, sema utagusa wapi na kwa nini, kisha subiri jibu la maneno. Kicheko si jibu. Ukimya si jibu. Tumechoka kusikia "mbona hakukataa". Binti wa miaka 16 amkataeje mtu mzima aliyekwisha kulipwa na mzazi wake? Ruhusa ya kola haifiki kiunoni, kwa hiyo omba upya kila mara. Mteja akiwa chini ya miaka 18, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mtoto, mzazi, mlezi au mwalimu awe ndani ya studio, mahali anapoonekana, na pazia libaki wazi.

Kwa maharusi, mapozi ya kukumbatiana mkubaliane nao mapema. Usiwaamuru mbele ya wakwe.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa hata ukifanywa kwa maneno tu: kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Mahakama inaweza kuongeza amri ya fidia. Kumshika mtu kwa nia ya kumdhalilisha kijinsia nako ni kosa la jinai.

Aliyetendewa aende kituo cha polisi, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, aeleze, aandikishe maelezo, na asiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi. Aende na risiti ya studio na ujumbe wa simu kama upo. Asiufute hata kama unamkera. Kufungua taarifa hakulipiwi. Kwa mtoto, simu 116 hupigwa bure.

Picha ikibandikwa ukutani au kuwekwa mtandaoni bila ridhaa, hilo ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na lalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Msituletee hoja kwamba "picha ni yangu, nimeipiga mimi." Hata kama hakimiliki ya picha ni yako, sura iliyomo ni ya mteja. Ridhaa ya kupigwa picha na ridhaa ya kutangazwa huombwa mbalimbali, na mteja akiiondoa ya pili, picha iteremshwe.