Kipandauso: maumivu yanaanzia wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Naanika dagaa mwaloni Kirumba. Jua likishakuwa kali kichwa kinanigonga upande mmoja, natapika, na nikipima malaria haipo. Ni nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Dalili hizo zinafanana sana na kipandauso. Umefanya vyema kupima. Hapa Mwanza kichwa kikiuma tu watu husema malaria, dawa mseto zikamezwa bure. Kipandauso kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72.

Swali: Kwa hiyo ubongo wangu ndio unaouma?

Jibu: Hapana. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Zinazosikia ni tando zinazoufunika pamoja na mishipa ya damu iliyomo humo. Habari hupelekwa na neva ya trijemina, ileile inayohudumia uso na meno. Ikichokozwa, humwaga protini ndogo iitwayo CGRP, nayo huenda kwenye vipokezi vyake vilivyo juu ya mishipa ya damu na seli za neva. Kipokezi ni kama mwalo unaopokea mtumbwi wa aina moja tu. CGRP ikishatia nanga, mishipa hutanuka na njia ya maumivu huwa nyepesi kuamka, hata pigo la kawaida la damu likauma. Ndiyo huko kugongwa unakokusikia.

Swali: Serotonini nayo inahusikaje?

Jibu: Serotonini ni kemikali ya mwili inayobeba ujumbe kati ya seli za neva; kifupi chake ni 5-HT. Vipokezi vyake ni vingi, ila viwili vinatuhusu. 5-HT1B kikiamshwa hubana mishipa iliyotanuka. 5-HT1D huizuia neva isimwage CGRP. Sumatriptani, dawa ya kutuliza kipandauso iliyoanza kutumika mwaka 1991, huviamsha vyote viwili. Kwa vile inabana mishipa, haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye presha isiyotulia. Erenumabu, dawa nyingine iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hukikalia kipokezi cha CGRP chenyewe. Hiyo ni sindano ya kila mwezi ya kuzuia, na bei yake si ya mwanika dagaa.

Swali: Basi niendelee na Panadol kila siku?

Jibu: Usizoee. Meza mapema maumivu yanapoanza. Ukiitumia siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa yenyewe inaweza kuleta maumivu ya kichwa. Vaa kofia pana, kunywa maji, usikae na njaa. Ila kichwa kikipasuka ghafla kuliko siku zote, au kikija na shingo ngumu, mkono kulegea au ulimi mzito, nenda hospitali saa hiyohiyo.