Kwa Nini Mzee wa Kijapani Alikuwa na Gari Lenye Injini ya Supra?

Chungulia ndani ya Toyota Crown iliyotoka tu kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Viti vya kitambaa laini, dashibodi yenye plastiki iliyopakwa ifanane na mbao, redio inayoongea Kijapani, na harufu ya gari lililotunzwa na mtu asiyekula chipsi ndani yake. Kila kitu kinakwambia mwenyewe alikuwa mtu mzima, mpenda utulivu. Kisha unafungua boneti. Crown Athlete iliyotoka mwaka 2008 ikiwa na injini ya 3,500 cc ina nguvu za farasi 315. Mstaafu wa Nagoya anayekwenda dukani na hospitali, farasi 315 za nini?

Jibu ambalo watu hulitoa bila kufikiri mara mbili ni kwamba mzee anautafuta ujana wake. Ni jibu tamu na linachekesha, ndiyo maana linadumu. Ila ukiliweka kando ya gari lenyewe, halikai vizuri.

Anayenunua gari ili aonekane kijana hununua gari la kuonekana: milango miwili, paa la kufunguka, rangi nyekundu, bomba la moshi linalonguruma hadi mtaa wa pili. Crown haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa miaka mingi nyingi zilikuwa nyeupe, nyeusi au za fedha, na wapo wamiliki waliovalisha viti vyao vitambaa vya lesi nyeupe kama vya teksi za Tokyo. Ndugu yake, Mark II Tourer V yenye turbo, ukiiegesha kando ya Mark II Grande ya kawaida, asiyejua magari ataona tofauti ya rimu na maandishi ya nyuma, basi. Polisi wa Japani nao wametumia Crown kwa miongo kadhaa. Ujana unaojificha hivi unamringia nani?

Kilichomfikisha mzee kwenye gari hilo kwa sehemu kubwa ni mshahara. Kampuni kubwa za Kijapani zilizoea kulipa kwa kufuata miaka ya utumishi: unaingia kijana na mshahara mdogo, unapanda polepole, na unafika juu karibu na kustaafu. Toyota ikayapanga magari yake sambamba na ngazi hiyo. Corolla kwa anayeanza maisha, halafu Corona, halafu Mark II, na juu yake Crown, iliyotoka mara ya kwanza Januari 1955. Tangazo la Crown la mwaka 1983 lilikuwa fupi kabisa: "Siku moja, Crown." Siku hiyo ilipofika ilimkuta mwenyewe ana mvi. Maduka nayo yalitenganishwa, Crown kwenye mtandao mmoja wa wauzaji na Mark II kwenye mwingine, na muuzaji wa Kijapani wa enzi hizo hakukaa dukani kusubiri. Alikwenda nyumbani kwa mteja, akanywa chai, akajua gari la zamani linakaribia ukaguzi wa lazima. Muuzaji wa aina hiyo, akirudi kwa mteja aliyepandishwa cheo, haji na karatasi za gari la daraja la chini.

Halafu kuna kodi, ambayo kwenye hadithi ya ujana haitajwi kabisa. Hadi 1989, gari la Japani lililozidi 2,000 cc, au urefu wa mita 4.7, au upana wa mita 1.7, liliingia kundi lililotozwa kodi kubwa zaidi ya kila mwaka. Kwa hiyo Crown nyingi zilibanwa ndani ya mipaka hiyo, na wahandisi wakatafuta nguvu kwa ujanja, wakifunga turbo au supachaja, vifaa vya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, kwenye injini za 2,000 cc. Mwaka 1989 sheria ya kodi ilibadilishwa na pengo likapungua sana. Mwaka uliofuata Mark II na ndugu zake wawili, Chaser na Cresta, wakapata injini ya 1JZ-GTE: 2,500 cc, turbo mbili, farasi 280. Wazee wa Japani hawakurudi ujanani mwaka 1990. Kodi ndiyo iliyoshuka.

Na kwa nini 280, wala si 270 au 300? Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya hiari kwamba gari la soko la ndani lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280, na kifaa cha ndani kilizuie kupita kilomita 180 kwa saa. Nia ilikuwa kutuliza mbio za kushindania nguvu. Matokeo yake kila kampuni ilikimbilia kwenye 280 na kujipanga hapo kama abiria kwenye mlango wa daladala. Mark II Tourer V, farasi 280. Toyota Century ya 1997, gari refu jeusi la wenyeviti wa kampuni, lenye injini ya V12 ya 5,000 cc, nayo kwenye karatasi farasi 280. Aliyekaa kiti cha nyuma cha Century huenda alikuwa amesinzia. Makubaliano hayo yaliisha mwaka 2004, Honda Legend ilipotangazwa kuwa na farasi 300.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kinahusu Toyota Aristo. Hili ni gari la milango minne la bei kubwa, lenye umbo la kiheshima, na lilitoka mwaka 1991 likiwa na injini ya 2JZ-GTE ya 3,000 cc yenye turbo mbili. Injini hiyo leo vijana wanaiimba kwa sababu ya Supra, gari la michezo la Toyota lenye milango miwili. Lakini Supra iliyoibeba ilitoka 1993. Kwa mpangilio wa tarehe, basi, swali lililo kwenye kichwa cha makala hii limekaa kinyumenyume: gari la kijana ndilo lililoazima injini kwenye gari la baba.

Ni haki kusema pia kwamba Crown nyingi zilizouzwa hazikuwa kali hivyo. Zilikuwa na injini za 2,000 au 2,500 cc za kawaida, na baadaye haibridi. Tourer V nazo hazikuishia kwa wazee peke yao, maana vijana wa mchezo wa kuserereshea magari kwenye kona (drifti) walizinunua zikishakuwa za mkono wa pili, na baadhi mpya kabisa. Isitoshe, hati ya mauzo huandika bei na rangi. Sababu iliyokuwa moyoni mwa mnunuzi haiandikwi.

Sasa tuje kwenye injini yenyewe, maana hapa ndipo jibu lilipo. Nguvu nyingi zina faida gani kwa mtu asiyetaka kukimbia?

Simama Kariakoo uangalie mikokoteni miwili yenye mizigo sawa ikipanda mwinuko mmoja kwa mwendo mmoja. Wa kwanza unasukumwa na kijana mwembamba. Ameinama hadi paji la uso linakaribia gunia, anapiga hatua fupi za harakaharaka, anahema kwa sauti. Wa pili unasukumwa na mtu mwenye kifua, anayepiga hatua ndefu na huku anamwambia jirani yake habari za mpira wa jana. Ukiwatazama kutoka ghorofani utasema hawa wawili ni sawa, kwa kuwa kasi yao ni moja. Walipotofautiana ni kwenye jasho, kelele na akiba. Lori likipiga honi nyuma yao, wa pili ataongeza hatua mbili na kupisha. Wa kwanza hana alichobakiza.

Injini iko hivyohivyo, na hesabu yake si ngumu. Nguvu ya injini ni msokoto wake (torki, yaani ukali wa kuzungusha) ukizidishwa kwa kasi ya mizunguko. Chukua injini kubwa inayotoa msokoto wa nyutoni-mita 300 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika: hapo inatoa takriban farasi 85. Chukua injini ndogo ambayo kilele chake ni nyutoni-mita 120. Ili itoe farasi hizohizo 85, lazima izunguke mara 5,000. Magari yote mawili yanapanda kilima kilekile kwa kasi ileile. Katika moja gia haijabadilika na mshale wa mizunguko hauna habari. Katika jingine sanduku la gia limeshuka gia mbili kwa mshtuko, injini inalia, na bibi aliyekaa kushoto ameshika mkono wa mlango akiuliza kuna nini.

Kwa hiyo farasi 280 za mzee kwa kawaida hazitumiki. Anatumia 60 au 80 kati yake, lakini anazipata bila kelele na bila kusubiri. Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine umo kwenye 1JZ-GTE. Toleo la mwanzo, la turbo mbili, lilifikia kilele cha msokoto kwenye mizunguko 4,800. Mwaka 1996 Toyota ikaibadilisha: turbo moja, na mfumo wa kubadilisha muda wa vali. Namba ya farasi haikusogea hata kidogo, 280 ileile. Kilele cha msokoto ndicho kilichoshuka hadi mizunguko 2,400. Ukimtengenezea mtu wa mashindano, hupigani kuleta nguvu chini huko, kwa kuwa yeye anaishi kwenye 6,000. Anayeishi kwenye 2,400 ni mtu wa gari la otomatiki anayekanyaga mafuta kwa upole.

Barabara nazo zina mchango. Barabara ya juu ya Tokyo, iliyoanza kutumika mwaka 1962, imepenyezwa katikati ya majengo na juu ya mifereji. Ina kona kali na njia za kuingilia fupi, na nyingine zinakuingiza upande wa kulia, yaani kwenye njia ya wanaokwenda kasi. Unapanda kinjia, una mita chache, malori yanakuja, na lazima ufikie mwendo wao kabla njia yako haijaisha. Dereva wa miaka 30 mwenye injini ndogo atakanyaga hadi sakafuni na kujipenyeza. Dereva wa miaka 68, ambaye shingo haigeuki kama zamani, anahitaji gari lisimwongezee kazi nyingine.

Kwa usalama, hofu ya watu huelekea kwenye kasi, na hapo tena inakosea shabaha. Ajali za vijana ndizo zenye sura ya kasi: usiku, kona, gari moja peke yake limeacha barabara. Ajali za madereva wazee hutokea zaidi kwenye makutano, hasa wanapokata njia ya magari yanayokuja mbele, kwa sababu kukadiria kasi ya kinachokujia kunakuwa kugumu na umri. Wakigongwa hufa kwa urahisi zaidi pia, maana mwili na mifupa vimedhoofika, na jambo hilo huzifanya takwimu za vifo vyao zionekane mbaya kuliko uendeshaji wao. Ajali iliyoitikisa Japani kuhusu wazee ilitokea Ikebukuro, Tokyo, Aprili 2019. Dereva wa miaka 87 aliwagonga watu na kuwaua mama na binti yake wa miaka 3. Mahakama iliona alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Gari lilikuwa Toyota Prius, haibridi ya kawaida isiyosifika kwa farasi nyingi. Mwaka huo takriban watu 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla.

Wapo, bila shaka, wazee ambao kasi ndiyo hasa wanayoitaka, na wanaiweza. Mwigizaji Paul Newman alikuwa na miaka 70 alipokuwa kwenye timu iliyoshinda daraja lake katika mbio za saa 24 za Daytona, mwaka 1995. Msweden Björn Waldegård, ambaye Wakenya wanamkumbuka tangu enzi za Safari Rally, alirudi Novemba 2011 akiwa na miaka 68, akashinda Safari ya magari ya kale kwa Porsche 911, mwanawe akiwa kiti cha pembeni akimsomea njia. Lakini hao walikuwa wameshindana kwa magari kwa miaka mingi. Kuwapima wastaafu wa Nagoya kwa hao ni kuwaonea.

Toyota yenyewe ilijua wateja wa Crown wanazidi kuzeeka. Mwaka 2013 ilipokea oda za Crown Athlete ya rangi ya waridi, waridi kabisa, kwa mwezi mmoja tu. Hakuna aliyedhani imetengenezewa mstaafu.

Huku kwetu magari haya humfikia mmiliki wa pili ambaye mara nyingi ni mdogo kwa miaka 30 kuliko wa kwanza, na yeye farasi zote anataka kuzitumia. Akifungua kifuniko cha tangi kwenye zile zenye injini kali, atakuta maandishi ya Kijapani yanayotaka petroli ya oktani ya juu, na wengi hupita bila kuyasoma. Kile kifaa cha kilomita 180 bado kimo, isipokuwa fundi ameshakiondoa.