Je, wajua kwa nini Bette Davis alikosa Oscar ya All About Eve?

Tarehe 29 Machi 1951, tuzo za Oscar zilipotolewa katika ukumbi wa Pantages, Hollywood, filamu ya All About Eve ilikuwa inawania tuzo 14. Hakuna filamu iliyokuwa imewahi kufikisha idadi hiyo, na ilipita miaka 47 kabla ya Titanic kuifikia. Usiku ule ilipata tuzo 6, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji bora na uandishi. Wanawake wanne walioigiza ndani yake waliteuliwa, na wote wanne walikosa. Bette Davis, mmoja wao, ambaye mpaka leo watu wengi wanaamini hakuwahi kuigiza vizuri kuliko hapo, naye alikosa. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Judy Holliday, kwa filamu ya kuchekesha iitwayo Born Yesterday.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la swali hili, na sikulitilia shaka hata kidogo. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba Davis aliponzwa na Anne Baxter, mwenzake wa filamu ile ile, ambaye naye aliteuliwa katika kipengele kile kile. Mashabiki wa filamu wakagawana kura, nusu huku nusu kule, Holliday akapita katikati. Niliamini hivyo kwa sababu jibu lenyewe lilifanana mno na hadithi ya filamu.

Kwa ambaye hajaiona: Margo Channing ni nyota wa Broadway, yaani kumbi kubwa za michezo ya jukwaani za New York, mwenye miaka 40, na umri umeanza kumtia hofu. Eve Harrington ni msichana anayesimama kila usiku kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi ili amwone tu. Anakaribishwa ndani, anapewa kazi ya kumsaidia Margo, anakuwa mwigizaji wake wa akiba, na taratibu unagundua kwamba msichana huyu mnyenyekevu alikuwa akipiga hesabu tangu siku ya kwanza. Joseph L. Mankiewicz aliiandika na kuiongoza, akitumia hadithi fupi ya Mary Orr iliyochapishwa kwenye jarida la Cosmopolitan mwaka 1946. Margo alipangiwa Claudette Colbert. Colbert akaumia mgongo, na ndipo Davis akaitwa.

Sasa tazama jinsi jibu langu lilivyokaa vizuri. Baxter, aliyeigiza Eve, tayari alikuwa na Oscar ya mwigizaji msaidizi aliyoipata kwa filamu ya 1946, The Razor's Edge. Safari hii hakutaka kurudi kwenye usaidizi. Alishikilia ateuliwe kama mhusika mkuu, bega kwa bega na Davis, na ikawa hivyo. Msichana aliyeigiza mpokonyaji akamnyima mkubwa wake tuzo. Nani asingependa kuliamini hilo?

Kwanza tumtendee haki Baxter. Filamu inaanza na Eve akikabidhiwa tuzo na inaishia chumbani kwake. Jina lake ndilo lililo kwenye kichwa cha filamu. Kudai kwamba Eve ni mhusika mkuu si ujanja. Hata mimi ningedai hivyo.

Pili, na hapa ndipo nilipokosea hasa, kura hazigawanyiki kwa sababu tu wagombea wawili wanatoka nyumba moja.

Katika duru ya mwisho ya kipengele hiki kila mwanachama wa Academy, chama cha watu wa filamu kinachotoa Oscar, ana kura moja na anachagua jina moja. Anayeongoza anashinda, hata kama hakukaribia nusu ya kura. Fikiria wageni 100 wanaopigia kura chakula cha sherehe. Nyama choma kwa ugali inapata 40, pilau 31, biriani 29. Nyama choma imeshinda, na wapenda wali, ambao ni 60, wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba wao ndio wengi. Malalamiko yao yana msingi. Laiti biriani isingekuwa kwenye orodha, wale 29 wangehamia kwenye pilau, nayo ingeshinda kwa 60 dhidi ya 40.

Je, wangehamia kweli? Rudi kwa hao 29 uwaulize mmoja mmoja. Huenda 20 kati yao hawakuchagua biriani kwa ajili ya wali. Waliichagua kwa ajili ya nyama na mchuzi wake mzito, na biriani ikiondolewa watakwenda moja kwa moja kwenye nyama choma. Basi nyama choma inafika 60 na pilau inaishia 40. Orodha ya vyakula ni ile ile na hesabu ya mwanzo ni ile ile, lakini safari hii biriani haikuinyima pilau ushindi wowote. Pilau ingeshindwa vyovyote vile.

Tofauti yote iko kwenye chaguo la pili, na chaguo la pili haliandikwi kwenye karatasi ya kura. Ukitazama matokeo peke yake, visa hivi viwili huwezi kuvitofautisha.

Wasomaji wa Kenya wanaokumbuka Desemba 1992 wanaujua mchezo huu. Moi alishinda urais kwa takriban asilimia 36, huku Matiba, Kibaki na Odinga wakigawana zaidi ya asilimia 60 kati yao. Lakini hata pale, kusema kwamba upinzani ungeshinda kama ungesimamisha mtu mmoja ni kudhani kwamba kila aliyempa Matiba kura angempa Odinga, au kinyume chake. Katiba ya 2010 haikuliacha suala hilo kwa makisio: mgombea urais asipovuka nusu ya kura, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi, na kila mtu analazimika kuonyesha chaguo lake la pili. Oscar ya mwigizaji bora haina duru kama hiyo.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu 1951 ni hili: waliompa Baxter kura, wangempa nani kama asingekuwepo? Inawezekana kabisa wengi wangemwendea Davis kwa sababu ya kuipenda filamu. Lakini ukitafuta mtu ambaye mashabiki wake wangeweza kuwa mashabiki wa Davis, humpati Baxter kwanza. Unampata Gloria Swanson.

Mwaka ule ule Swanson, nyota wa enzi za filamu zisizo na sauti, alikuwa ameigiza katika Sunset Boulevard kama Norma Desmond, nyota wa zamani anayekataa kukubali kwamba wakati wake umepita. Weka wahusika hawa wawili kando kando. Margo anaogopa kuzeeka mbele ya watazamaji. Norma ameshazeeka na amefunga mapazia. Wote wawili wana maneno makali, nyuso zisizoficha kitu, na nafasi kubwa ambazo wanawake wa umri wao walizipata kwa nadra sana. Mpiga kura aliyetaka kumheshimu mkongwe aliyerudi kwa kishindo alilazimika kuchagua kati ya Davis na Swanson. Baxter, kijana wa miaka 27 anayeigiza mnyenyekevu wa uongo, ni ladha nyingine kabisa. Huenda hata alifanana zaidi na Holliday kwa maana ya kuwa sura changa mbele ya wakongwe hao wawili, ingawa hapo sitasisitiza sana.

Tuzo nyingine za msimu ule zinaelekea huko huko. Wahakiki wa filamu wa New York walimchagua Davis. Golden Globe, ambayo mwaka huo kwa mara ya kwanza ilitenganisha waigizaji wa filamu za drama na wa filamu za vichekesho, ilimpa Swanson upande wa drama na Holliday upande wa vichekesho. Kabla Oscar haijafika, wanawake watatu walikuwa wameshajitenga mbele, na Baxter hakuwa mmoja wao. Huu si ushahidi wa kura za Oscar, maana waliopiga ni watu tofauti. Lakini mtu akiniuliza leo nani alichota kwenye kisima cha Davis, nitamtaja Swanson kabla ya Baxter.

Wapo watakaonijibu kwa historia: waigizaji wawili wa filamu moja wakikutana kwenye kipengele kimoja, mara nyingi wote hukosa. Ni kweli, na orodha ni ndefu. Mwaka 1935 filamu ya Mutiny on the Bounty iliingiza wanaume watatu kwenye kipengele cha mwigizaji bora, wote wakakosa. Mwaka uliofuata tuzo za waigizaji wasaidizi zikaanzishwa. Montgomery Clift na Burt Lancaster walikosa pamoja kwa From Here to Eternity, Peter O'Toole na Richard Burton kwa Becket, Dustin Hoffman na Jon Voight kwa Midnight Cowboy, Susan Sarandon na Geena Davis kwa Thelma & Louise. Na usiku ule ule wa 1951, Celeste Holm na Thelma Ritter, wote wa All About Eve, waliteuliwa pamoja kama waigizaji wasaidizi na kushindwa na Josephine Hull wa filamu ya Harvey. George Sanders, mwigizaji pekee wa filamu hiyo ambaye hakuwa na mwenzake kwenye kipengele chake, alishinda. Kisa hiki cha Sanders kilinishika kwa muda mrefu, nakiri.

Hata hivyo Shirley MacLaine alishinda akiwa na Debra Winger pembeni yake mwaka wa Terms of Endearment. F. Murray Abraham alishinda akiwa na Tom Hulce katika Amadeus, Peter Finch akiwa na William Holden katika Network, Maximilian Schell akiwa na Spencer Tracy katika Judgment at Nuremberg. Tena kuna hesabu rahisi ambayo huwa inasahaulika. Kwenye orodha ya watu watano, wawili wa filamu moja wakiwa na nafasi sawa na wengine, nafasi yao kwa pamoja ni asilimia 40 tu. Watatu waliobaki wana 60. Hata bila kura yoyote kugawanyika, tungetarajia jozi zikose mara nyingi kuliko kupata. Wingi wa visa vya kukosa, peke yake, hauthibitishi kitu.

Na kura zenyewe zimefungwa. Tangu 1941 majina ya washindi huwekwa kwenye bahasha zilizozibwa, na idadi ya kura haitangazwi. Umma huona tu pale zinapolingana kabisa, kama ilivyotokea kwa Katharine Hepburn na Barbra Streisand katika sherehe ya Aprili 1969. Davis angeweza kuwa alimkaribia Holliday kwa kura moja, au alikuwa wa nne.

Katika jibu langu la zamani Holliday ndiye niliyemwonea zaidi, maana nilimfanya mpita njia aliyeokota tuzo iliyodondoka. Alikuwa amemwigiza Billie Dawn, mhusika wa Born Yesterday, kwenye jukwaa la Broadway tangu 1946. Harry Cohn, bosi wa studio ya Columbia iliyonunua haki za mchezo huo, hakumtaka kwenye filamu. Mwongozaji George Cukor, pamoja na Katharine Hepburn na Spencer Tracy, wakampa nafasi ya kung'ara katika Adam's Rib ya 1949, na baada ya hapo Cohn akakubali. Ukitazama Born Yesterday leo, subiri onyesho la karata. Karibu hakuna maneno. Kuna mwanamke anapanga karata zake, anaimba kidogo, anamshinda mwanamume anayejiona mwerevu, na kila tendo la mkono wake limepimwa kama muziki. Tuzo ile ilikuwa na mwenyewe.

Usiku wa tuzo Holliday hakuwa hata Hollywood. Alikuwa kwenye sherehe New York, akisikiliza matokeo kwa redio pamoja na Gloria Swanson.

Pengine hadithi ya Baxter mpokonyaji haifi kwa sababu ya yaliyofuata. Mwaka 1970 All About Eve ilifanywa mchezo wa muziki wa Broadway ulioitwa Applause, na Lauren Bacall akawa Margo. Mwaka 1971 Bacall aliondoka, na aliyechukua nafasi ya Margo alikuwa Anne Baxter, sasa akiwa na miaka 48, akimwangalia Eve mwingine kutoka upande wa pili wa jukwaa. Kisha mwaka 1983 Bette Davis alianza kuigiza katika tamthilia ya televisheni iitwayo Hotel. Baada ya kipindi cha kwanza aliugua sana, hakuweza kuendelea, na mwigizaji aliyeletwa kusimamia hoteli ile badala yake alikuwa Anne Baxter.