Wakala wa taifa wa kupambana na rushwa: kazi yake na mipaka yake

Wakala wa taifa wa kupambana na rushwa ni chombo cha dola kilichopewa jukumu la kuziba mianya ya rushwa kabla haijatokea, kuichunguza ikishatokea, na kufikisha ushahidi kwa wenye mamlaka ya kushitaki. Kwetu Kongo chombo hicho ni APLC, yaani Wakala wa Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ulioundwa kwa amri ya Rais mwezi Machi 2020 na kuwekwa chini ya ofisi yake, Kinshasa. Hapa Lubumbashi wengi huuchanganya na IGF, na wako wanaodhani kwamba ni mahakama.

IGF, au Ukaguzi Mkuu wa Fedha, ni ya zamani zaidi. Iliundwa mwaka 1987, na kazi yake ni kukagua namna fedha na mali za umma zinavyoingia, zinavyotunzwa na zinavyotumika. Watu wa Katanga waliiona kazi hiyo kwa karibu Februari 2023, ripoti yake ilipokosoa mkataba wa madini wa mwaka 2008 kati ya Kongo na makampuni ya Kichina, uliozaa kampuni ya Sicomines huko Kolwezi: kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa barabara, hospitali na majengo mengine, zilizokuwa zimetolewa hazikufika hata bilioni moja. Mwaka uliofuata mkataba ukarekebishwa. Lakini mkataba mbaya si lazima uwe umetokana na rushwa. Mkaguzi huuliza fedha zimekwenda wapi. Mpelelezi wa rushwa huuliza nani alimpa nani nini, na kwa kufanyiwa jambo gani. Swali hili la pili ndilo gumu kuthibitisha, kwa sababu anayetoa na anayepokea wote wawili wanapenda jambo lifichike.

Tuchukue mfano mdogo. Mama anayeuza mboga katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, hulipa ushuru kila siku, na mara nyingine mkusanyaji huchukua feza bila kumwachia risiti, au humwambia atoe nusu na mambo yaishe. Ni kiasi kidogo, lakini kikizidishwa kwa meza zote za soko na kwa siku za mwezi, ni mshahara wa watu kadhaa. Mpelelezi anayejua kazi haanzi kwa kumkamata mkusanyaji. Huomba vitabu vya risiti, ambavyo kurasa zake zina namba zinazofuatana, akalinganisha vishina vilivyobaki na kiasi kilichoingizwa benki, kisha akahesabu meza zinazofanya kazi asubuhi ya siku ya kawaida. Pengo likionekana, hutafuta linaishia kwa nani, maana ni nadra mkusanyaji kula peke yake.

Uchunguzi ukikamilika, faili hupelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na ni yeye anayeamua kama kuna kesi. Sheria ya tarehe 29 Machi 2005, iliyorekebisha kanuni ya adhabu ya Kongo, humlenga anayetoa kama inavyomlenga anayepokea, jambo ambalo wanaotoa matabishi, yaani hongo ndogo, ofisini husahau upesi. Mgawanyo huu wa kazi si wa kwetu tu: nchini Kenya, tume ya maadili na kupambana na rushwa iliyoanzishwa mwaka 2011 huchunguza, kisha hupeleka faili kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Kwa hiyo anayelalamika kwamba wakala “haufungi watu” anaudai kazi ambayo si yake. Afadhali auulize ni mafaili mangapi umeyapeleka parke, na yalifika huko yakiwa na ushahidi gani.

Kuzuia hakuna kelele, na kwa maoni yangu ndiko kunakopuuzwa zaidi. Hong Kong ilipounda tume yake mwaka 1974 iliipa idara tatu: ya upelelezi, ya kuzuia, na ya kuelimisha watu. Idara ya kuzuia hupitia taratibu za ofisi na kupunguza nafasi ambapo mtu mmoja anaweza kuamua peke yake bila kuandika sababu. Si kila kinga iko mikononi mwa wakala, hata hivyo. Katiba yetu, katika ibara ya 99, inamtaka Rais na mawaziri watangaze mali za familia zao mbele ya Mahakama ya Katiba, wanapoingia kazini na wanapotoka.

Linabaki swali la uhuru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, unataka chombo kama hiki kiwe na uhuru unaohitajika, fedha, na wafanyakazi wenye ujuzi. Chombo kilichozaliwa kwa amri ya Rais kinaweza kubadilishwa kwa amri nyingine, bila wabunge kupiga kura, na kinapofika kuwachunguza walio karibu na ikulu udhaifu huo huonekana wazi. Sheria iliyopitishwa bungeni, inayotaja muda wa viongozi wake na sababu za kuwaondoa, ingekipa msingi imara zaidi.

Raia anayetaka kuripoti rushwa aandike tarehe, mahali, ofisi, cheo cha aliyeomba, kiasi alichoomba na huduma aliyoizuia, kisha aambatanishe nakala ya karatasi yoyote aliyo nayo, ile ya asili abaki nayo mwenyewe.