Toleo la pamoja la stempu ni nini hasa?

Toleo la pamoja ni pale posta za sehemu mbili au zaidi, ziwe nchi kamili au visiwa na maeneo yenye posta yao wenyewe, zinapokubaliana kutoa stempu za ukumbusho kuhusu jambo linalozigusa zote. Mchoro unakuwa mmoja au unafanana sana na mara nyingi zinatoka siku ileile, ila kila upande unaweka jina lake, lugha yake na bei kwa hela yake. Hapa ndo wengi wanachanganya, wanadhani ukinunua upande mmoja unaweza kubandika barua popote kati ya sehemu hizo, hapana, kila stempu inafanya kazi kwao tu.

Mfano ninaoupenda sana ni wa tarehe 26 Juni 1959, Kanada na Marekani walipofungua njia ya meli ya mto St. Lawrence. Ukiziweka hizo stempu mbili pamoja unaona picha ileile, tai wa Marekani na jani la mti wa mepo (maple), alama ya Kanada, juu ya ramani ya Maziwa Makuu ya kule, ila ya Marekani ni senti 4 na Kiingereza kitupu, ya Kanada ni senti 5 na imeandikwa Kiingereza na Kifaransa. Halafu kuna chache za Kanada zilichapwa katikati pakageuka juu chini, hizo wakusanyaji wanazitafuta mpaka leo.

Sasa usichanganye na zile za 1935 za jubilei ya Mfalme George wa Tano, makoloni kibao ya Uingereza yalitoa mchoro mmoja wa kasri la Windsor lakini hayo yalipangiwa tu, hakuna aliyekaa na mwenzake kukubaliana. Na zile za zamani zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye stempu moja nazo siyo toleo la pamoja, maana ile ilikuwa posta moja na stempu ilikubalika kote kutatu.

Kwangu mimi la maana zaidi ni hayo makubaliano. Mwaka 1975 chombo cha anga cha Marekani, Apollo, na cha Sovieti, Soyuz, vilipoungana angani, nchi hizo mbili, pamoja na uhasama wote ule, kila mmoja alichapa mchoro wa msanii wake na wa msanii wa mwenzake.